Jinsi ya kuandika mwaka mmoja wa watu wako

Kila shule zinapofungwa mwezi wa sita napokea vijana wawili watatu hapa nyumbani. Wanashuka kwenye basi la Mvumi au wanaletwa na bodaboda kutoka mjini Dodoma, wamekumbatia kaunta buku mpya, na ombi lao huwa ni lile lile: "Mwalimu, nataka kuandika historia ya kijiji chetu." Nawakaribisha kivulini, nawapa maji na karanga, halafu nawaomba wapunguze mzigo. Historia ya kijiji kizima inataka punda watatu. Mwaka mmoja unabebeka kichwani.

Njia ninayoieleza hapa niliipata kwa watu wawili. Wa kwanza ni mama yangu, ambaye hakujua kusoma. Wa pili ni mwalimu wa hesabu kutoka Welisi, niliyefundisha naye mwaka 1984 katika shule moja ya sekondari ya kanda hii ya kati. Welisi ndiyo nchi ambayo vijana wa siku hizi wanaiita Wales, wakiijua kwa mpira wa Gareth Bale. Sisi pale shuleni tulikuwa tukimwita yule mwenzetu Mwingereza, naye kila mara alitusahihisha kwa upole. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, ukiniita Mwingereza ni kama mimi nikuite wewe Mhehe." Mimi ni Mgogo wa Chamwino. Sikumwita hivyo tena.

Yeye na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, 1957. Jioni, tukisahihisha madaftari kwa taa ya kandili, alinisimulia mwaka mmoja wa watu wake, 1966, tulipokuwa sote watoto wa miaka tisa. Alianza, akasita, akaendelea wiki iliyofuata. Ilimchukua karibu muhula mzima kuumaliza. Baadaye nilisoma mwenyewe habari za mwaka ule, na mjukuu wangu akanisaidia kutafuta zaidi kwenye intaneti, ndipo nikaona kwamba yule bwana, bila kujua, alikuwa amenifundisha namna ya kuandika mwaka wetu sisi.

Kuchagua mwaka

Usichague mwaka kutoka kwenye kitabu cha shule. Nenda kwa wazee, kaa nao, uwataje miaka mmoja mmoja kwa majina wanayoyajua wao, usikilize ni mwaka gani unawafanya watu waanze kusemeana, "Hapana, haikuwa hivyo!" Mwaka ambao watu bado wanabishania ndio wenye nyama.

Ugogo tuna mwaka mkubwa kuliko yote, Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, 1918 hadi 1920. Kila kijana anataka kuandika Mtunya. Namwambia asubiri. Walioiona wameshakwenda wote, na kinachobaki ni masimulizi ya masimulizi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kuandika miaka mingine na kupata uzoefu. Chagua mwaka ambao bado unaweza kupata watu watano waliokuwa na akili timamu wakati huo, wa kaya tofauti, na wanawake wasipungue wawili. Kwa kijana wa leo, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zinatosha kabisa. Mama yako anakumbuka tembe ipi ilianguka na mtu gani alikwama ng'ambo ya korongo.

Mimi nilichagua 1971, mwaka kijiji chetu kilipohama kutoka kandokando ya korongo kwenda kukaa barabarani. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilidhani naujua.

Mwaka hauanzi Januari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo karibu wote wanapokosea, na ndipo nilipokosea mimi.

Ukimwomba mtu yeyote akuandikie mwaka 1966 wa Wawelisi, ataanza na Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba. Saa tatu na robo asubuhi, katika kijiji cha Aberfan, bonde la mto Taff, kusini mwa Welisi, watoto wa shule ya msingi ya Pantglas walikuwa ndio kwanza wameingia madarasani. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Bondeni kulikuwa na ukungu. Mlimani juu ya kijiji, mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale ulikuwa umemwaga vifusi vyake kwa miaka mingi, rundo baada ya rundo. Rundo namba saba likaporomoka. Lilishuka kama tope jeusi, likafunika shule na nyumba za jirani. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wa miaka saba hadi kumi, na walimu watano walikufa pamoja nao. Wachimbaji walitoka chini ya ardhi na sepetu zao wakaja kufukua. Baba wa mwenzangu alikuwa mchimbaji wa bonde la pili. Alikwenda na wenzake Ijumaa ile, akarudi nyumbani Jumapili, akaosha mikono kwa muda mrefu.

Kwetu Dodoma ilikuwa saa tano na robo. Nilikuwa darasa la tatu, na kwa saa hiyo yumkini tulikuwa nje tukicheza rede. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi: watoto wa rika langu, darasani kama mimi.

Sasa, mwandishi anayeanza na asubuhi ile atamliza msomaji, lakini hatamweleza kitu. Yule mwenzangu hakuanza hapo. Alianza na mwaka 1958, rundo namba saba lilipoanza kumwagwa. Lilimwagwa juu ya chemchemi, na chemchemi zile zilikuwa zimechorwa kwenye ramani. Yeyote aliyetaka kuziona angeziona. Akarudi nyuma zaidi, 1944, rundo jingine, la nne, lilipoteleza mlima huo huo. Akaja 1963, mhandisi wa halmashauri alipoandika barua kuonya juu ya hatari ya vifusi vilivyokuwa vikimwagwa nyuma ya shule. Mwaka huo huo rundo la saba lenyewe likateleza. Baada ya msiba, tume iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies, mwenyewe mzaliwa wa mabonde yale, ilikaa siku 76 ikasikiliza mashahidi 136, na Agosti 1967 ikasema wazi kwamba lawama ni ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la umma lililoendesha mgodi ule. Kwa hiyo Oktoba ya 1966 ilikuwa ikitengenezwa kwa miaka minane, watu wakiiona.

Na kuna mzizi mwingine. Tarehe 21 Oktoba 1965, mwaka mmoja kamili kabla ya Aberfan, siku kwa siku, lilifunguliwa bwawa la Tryweryn kaskazini mwa Welisi. Chini ya maji yale kilikuwepo kijiji cha Capel Celyn, chenye kanisa, shule, posta na mashamba, na wakazi wake walizungumza Kiwelisi. Kilizamishwa ili jiji la Liverpool, ng'ambo huko Uingereza, lipate maji. Wabunge wengi wa Welisi walipinga, lakini sheria ilipita Bungeni London mwaka 1957. Mmoja wa waliosimama mbele kupinga alikuwa Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, chama kilichoanzishwa 1925 na ambacho kwa miaka arobaini na moja hakikupata hata kiti kimoja. Tarehe 14 Julai 1966, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Carmarthen, Gwynfor Evans alishinda kwa kura 2,436 zaidi ya aliyemfuata, akawa mbunge wa kwanza wa chama hicho. Ukiandika Julai ile bila lile bwawa, msomaji ataona mtu ameanguka kutoka mawinguni.

Basi fanya hivi. Chukua ukurasa mzima wa kaunta buku, uulaze, upige mstari katikati. Kulia andika matukio ya mwaka wako. Halafu kwa kila tukio rudi kushoto ujiulize: hili lilianza kupikwa lini? Ukipata jibu, liulize jibu lenyewe swali hilo hilo. Uliza mara tatu. Kijiji chetu kilihama Septemba 1971. Lilianza kupikwa lini? Kwa ukame wa miaka iliyotangulia, ng'ombe walipokuwa wakifia njiani kwenda majini. Na hilo? Kwa kisima cha mtaa wa juu kilichoanza kutoa maji ya chumvi. Na hilo je? Hapo mama alicheka, akasema nimuulize shangazi, maana kisima kile kilichimbwa na mahari ya mtu na kuna kesi ndani yake. Nilipofika kwenye kesi ya kisima ndipo nilipojua kwa nini nusu ya kijiji walipanda magari wakiimba na nusu walikaa wamegeuza migongo.

Kupanga kwa misimu

Ukishapata mizizi, panga mwaka wako kwa misimu ya mahali, usiupange kwa miezi ya kalenda ya ukutani. Kwetu mwaka unaanza na kifuku, mvua za kwanza za mwishoni mwa Novemba au Desemba, watu wanapopanda uwele na mtama. Halafu inakuja ile miezi migumu, Januari hadi Machi, ghala likiwa tupu na shamba bado bichi, watu wakiishi kwa mlenda. Mei hadi Julai ni mavuno. Baada ya mavuno ni ngoma, harusi na kujenga. Kisha kiangazi kikali, na wanawake kuchimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Kurasa tano, msimu kwa ukurasa, na kila jambo unaloambiwa liweke kwenye ukurasa wake. Mzee hatakuambia "mwezi wa pili". Atakuambia "tulikuwa tunakula mlenda bila kitu".

Kuketi na watu

Nenda mikono ikiwa na kitu: sukari robo, sabuni ya mche, kwa babu labda tumbaku. Salimia kwa "mbukwenyi" na ungoje kuitikiwa vizuri. Simu ibaki mfukoni siku ya kwanza. Ukitaka kurekodi, omba siku ya pili, na ukikataliwa, andika kwa mkono usiku ukifika nyumbani, kabla hujalala.

Wanaume watakusimulia mikutano. Wape nafasi yao, ni sehemu ya mwaka. Lakini wanawake waendee wakati wanamenya karanga au wanapepeta, mikono ikiwa na kazi, na wewe umenye pia. Usiulize "mlijisikiaje?" Swali hilo linawafunga watu. Uliza vitu. Usiku wa kwanza mahali papya mlikula nini? Moto mliupata kwa nani? Mbuzi mliwafunga wapi kabla hakujawa na zizi? Nani alikuwa mgonjwa? Mlango mliuweka upande gani?

Nilipomaliza rasimu yangu ya kwanza ya 1971 nilimsomea mama kibarazani. Ilikuwa na hotuba, na idadi ya magari, na jina la kiongozi aliyekuja kutukagua. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeandika kwamba tulihama. Hujaandika kwamba tulihama na jiwe la kusagia." Jiwe lile lilikuwa la mama yake. Dereva alikataa kulipakia kwa uzito wake, kwa hiyo mama na shangazi walilibeba kwa zamu, kwa miguu, mwendo wa nusu siku, mimi nikiwa nimeshatangulia na gari pamoja na kuku. Nilikuwepo mwaka ule na sikulijua hilo. Nilichana kurasa nane nikaanza upya.

Kufunga tarehe

Wazee hawakosei sana matukio; wanachanganya miaka. Kwa hiyo tengeneza kwanza kamba ya tarehe zisizoyumba, uibandike ndani ya jalada la daftari. Uhuru, 9 Desemba 1961. Muungano, 26 Aprili 1964. Noti za shilingi yetu, Juni 1966. Azimio la Arusha, Februari 1967. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, 1973. Vita ya Kagera, 1978 na 1979. Kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984. Mama akikuambia mtoto wake wa pili alikuwa anatambaa kijiji kilipohama, muulize kama alikuwa amezaliwa redio ilipotangaza Azimio. Majina nayo yanasaidia. Mtu anayeitwa Matonya, uliza ni mvua ya mwaka gani iliyokuwa ikidondoka alipozaliwa.

Baada ya hapo tafuta karatasi. Rejesta ya ubatizo kanisani ni dhahabu, na makanisa ya zamani ya eneo letu bado yanayo. Daftari la mahudhurio la shule linaonyesha wiki watoto walipopotea wote kwa pamoja. Kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye kitenge chini ya sanduku. Risiti ya kodi. Kwa 1971 nilipata tarehe kamili ya kuhama kwenye mahudhurio ya darasa la nne: siku nne mfululizo mwalimu hakuandika chochote, halafu siku ya tano kaandika majina yote upya kwa wino mwingine.

Uangalie na majina ya mahali. Kwenye maelezo yangu ya mwaka wa Wawelisi niliwahi kuandika kwamba tamasha lao kubwa la mashairi la Agosti 1966 lilifanyika Aberfan, kijiji cha msiba. Nilishangaa sana, nikajenga aya nzima juu ya mshangao huo. Tamasha lilikuwa Aberafan, mji ulio pwani, mahali pengine kabisa. Herufi moja. Kwetu pia vijiji vinafanana majina, na mara nyingine kijiji kilichohama kimeliacha jina lake nyuma na wengine wameliokota. Kila jina la mahali, uliza: hapa pa zamani au pa sasa?

Hesabu nazo zinahitajika, ila chache. Ninachotafuta ni hesabu mbili za kitu kimoja, ya kabla na ya baada. Sensa ya Welisi ya 1961 ilikuta watu 26 kati ya kila mia wanazungumza Kiwelisi. Ya 1971 ikakuta kama 21. Ukiwa na namba hizo mbili unaelewa kwa nini watu walikuwa na haraka mwaka 1966, na kwa nini mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuipa lugha yao nafasi mahakamani. Kijijini kwetu niliomba hesabu ya ng'ombe tu. Babu mmoja alinipangia kokoto chini, zizi kwa zizi, za zamani upande huu na za 1972 upande ule. Nilizihesabu mara mbili, sikuongeza neno.

Furaha iandikwe

Vijana wangu huona aibu hapa. Wakishachagua mwaka mgumu wanadhani kicheko ni dharau kwa waliokufa. Nawaambia kuhusu mkulima wa magharibi mwa Welisi aitwaye Dic Jones. Katika tamasha lile la Aberafan, Eisteddfod ya Taifa, mshairi bora wa shairi la kanuni hupewa kiti cha kuchongwa. Kanuni zenyewe ni ngumu kuliko vina na mizani vyetu: ndani ya kila mstari sauti za konsonanti lazima zijibizane kwa utaratibu maalumu, na wanauita utaratibu huo cynghanedd. Washindani hupeleka mashairi kwa lakabu. Siku ya kutangaza, lakabu husomwa mbele ya umati, na mtu mmoja kati ya maelfu husimama. Kisha upanga mkubwa huchomolewa nusu, na umati huulizwa mara tatu kama kuna amani, nao huitikia, "Heddwch," yaani amani. Mwaka 1966 aliyesimama alikuwa Dic Jones, mtu wa trekta na ng'ombe, na shairi lake liliitwa kwa Kiwelisi jina lenye maana ya mavuno. Hiyo ilikuwa Agosti. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Septemba, likafunguliwa daraja la Severn, na magari yakaanza kupita juu ya maji yaliyokuwa yakiwalazimu watu kungoja kivuko. Timu yao ya raga ilikuwa imeshachukua ubingwa wa mataifa matano. Watu wale wa mwezi wa nane hawakujua ya mwezi wa kumi. Ukiwanyima Agosti yao, umewaandika kama watu waliokuwa wakingoja kufa.

Mwaka wetu 1971 nilikuta muheme. Wanawake walikataa kuzipakia ngoma zao chini ya magunia, walizipakata. Gari lilipokwama kwenye mchanga wa korongo, wakashuka, wakazifunga mapajani, wakapiga pale pale mpaka wanaume wakalisukuma likatoka. Shangazi aliponionyesha pigo lenyewe, kwa vidole juu ya ndoo, alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na mjukuu wake mdogo akaanza kucheza bila kuambiwa.

Majina ya watu

Hili niliumia nalo, nawe usiumie. Katika rasimu yangu ya pili nilimtaja kwa jina kijana wa kijijini aliyepanda juu ya tembe yetu akabomoa dari ili tusirudi. Niliyasema niliyoyaona kwa macho. Nilipoisoma mbele ya watu chini ya mbuyu, watoto wake walikuwa wamekaa mstari wa pili. Binti yake aliinuka akaondoka polepole, bila kusema neno. Nilimfuata kesho yake na kuomba radhi, na akanieleza kwamba baba yake alitumwa, na kwamba tembe ya kwanza kubomoa ilikuwa ya mama yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Aliyeamua, andika. Aliyetumwa, eleza alichofanya lakini mwachie jina lake, isipokuwa yeye au watoto wake wakikuruhusu. Na walioumia waandikwe kwa majina yao yote, kama familia zinataka. Aberfan, majina yalipokuwa yakisomwa kwenye uchunguzi wa vifo, ikatajwa sababu ya kufa kwa mtoto mmoja kwa maneno ya kidaktari. Baba yake akasimama akakataa. Akataka iandikwe kwamba mwanawe alizikwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Hakutaja dereva wala mpiga koleo yeyote aliyekuwa juu ya rundo asubuhi ile. Alitaja waliokuwa na uwezo wa kuamua. Ukipata taabu kujua jina gani liingie na lipi libaki nje, mkumbuke baba yule.

Rasimu ikiisha, warudie wote waliokusimulia na uwasomee sehemu zao kabla hujaisoma hadharani. Kwa Kigogo kama walikusimulia kwa Kigogo, hata kama umeandika kwa Kiswahili. Watakusahihisha, na wengine watakuomba ufute. Futa.

Kurasa za nyuma

Andika nakala tatu kwa mkono au chapisha pale mjini: moja ya kijiji, ikae kwa mwenyekiti, moja ya shule, moja yako. Na kila nakala iwe na kurasa kumi tupu mwishoni, zenye kichwa cha mwaka huo huo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya fedha za Aberfan. Watu wa dunia nzima walichangia mfuko wa wafiwa, karibu pauni milioni 1.75. Marundo mengine yalipobaki yamening'inia juu ya kijiji, wazazi walidai yaondolewe, na mwaka 1968 ukakatwa mfuko ule ule wa wafiwa pauni 150,000 kulipia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997, pauni 150,000 zile zile, bila riba. Mwaka 2007 serikali ya Welisi ikaongeza pauni milioni mbili kwa mifuko miwili ya pale kijijini. Mwaka 1966 ulikuwa bado unaandikwa miaka arobaini na moja baadaye, na mtu aliyefunga daftari lake Desemba 31 alikosa yote hayo.

Kwenye nakala ya kijiji chetu, kurasa nne kati ya zile kumi zimeshajaa. Ya kwanza ni ya babu wa kokoto, aliyekumbuka zizi moja alilolisahau. Ya pili na ya tatu ni za binti wa yule kijana wa tembe, ameandika mwenyewe, na jina la baba yake ameliweka. Ya nne ni mistari miwili ya penseli, mwandiko wa mtoto wa dada yangu: jiwe la kusagia la bibi lipo, liko kwa jirani wa tatu kutoka kanisani, wanazuilia mlango wa banda la mbuzi, na mwenye nyumba anasema tukilitaka twende wawili.